Kilwa Kisiwani

Kilwa Kisiwani ni kisiwa cha mwambao wa kusini wa Tanzania, katika Mkoa wa Lindi, kilichotengwa na bara kwa mkono mwembamba wa bahari ambao mashua huuvuka kwa muda mfupi kutoka Kilwa Masoko. Na hilo neno Kisiwani huongezwa ili watu wasikichanganye na mji huo, wala na Kilwa Kivinje, bandari iliyoko kaskazini zaidi, ambayo ndiyo iliyorithi biashara yake katika karne ya 19.

Tarikhi ya kale ya Kilwa, iliyotufikia kwa Kiarabu na pia kwa Kireno katika kitabu cha João de Barros kilichopigwa chapa mwaka 1552, yasimulia kwamba mwana wa sultani wa Shirazi alifika hapo na jahazi zake, akakinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka pande zote, na kwamba mwenye kisiwa, baada ya kuhamia bara, alipojuta na kutaka kukirejea kwa vita, alikuta kivuko kilichokuwa kikipitika kwa miguu maji yakipwa kimekwisha kuchimbwa kikawa mlango wa bahari. Wasomaji wengi huvutwa na uzuri wa ile nguo, wakasahau jambo ambalo hadithi yenyewe yakiri waziwazi, nalo ni kwamba kisiwa kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alikuwa na mamlaka ya kuuza. Jembe la wachimbaji limemtolea ushahidi. Neville Chittick, aliyechimba magofu ya Kilwa katika miaka ya 1960, alikuta chini ya kuta za mawe mabaki ya kijiji kilichoanza yapata karne ya 9, cha nyumba za fito na udongo, cha watu waliovua samaki, waliofua chuma na kufinyanga vyungu vya namna ile ile iliyojulikana katika vijiji vingine vya pwani na bara yake. Wala wageni hawakuwa wa kubuniwa, kwani uchunguzi wa mifupa ya makaburi ya miji kadhaa ya mwambao, uliotangazwa mwaka 2023, umeonyesha nasaba za Kiafrika zilizochanganyika na za Uajemi tangu yapata miaka elfu iliyopita, upande wa akina mama ukiwa wa Kiafrika karibu wote. Kwa hiyo mji wa Kilwa haukuletwa ndani ya jahazi. Ulimea kisiwani, na wageni wakaoa humo.

Fahari yake ilitokana na pepo. Jahazi iliyotoka Bara Hindi au Arabuni kwa kaskazi yaweza kufika Kilwa na kurudi kwa kusi bila kukawia mwaka mzima ugenini, lakini ikipita kusini zaidi msimu huiponyoka. Na dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilikuwa ikishukia Sofala, mbali huko kusini. Basi Kilwa, iliyokaa baina ya dhahabu na wanunuzi wake, ikaishika Sofala, ikapokea dhahabu na pembe za ndovu, ikatoa nguo, shanga na vyombo vya kauri kutoka China. Masultani wake walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, na mojawapo ya al-Hasan bin Sulaiman imeonekana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, ilhali nyingine chache za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 ufukoni mwa kisiwa cha kaskazini ya Australia.

Sultani huyo, wa ukoo wa Mahdali, ndiye aliyejenga Husuni Kubwa mwanzoni mwa karne ya 14, juu ya genge linalotazama bahari: kasri lenye vyumba zaidi ya mia moja, mabaraza, na birika la kuogea la pembe nane, ambalo kwa rai yangu ni kazi ya mawe iliyo nzuri kupita zote zilizosalia katika pwani hii. Halikukamilika, na halikukaliwa muda mrefu. Zama zake ndizo ulizopanuliwa Msikiti Mkuu kwa matao na kuba za matumbawe na chokaa, na ndizo alizofika msafiri Ibn Battuta, mwaka 1331, akausifu uzuri wa mji na ukarimu wa sultani aliyempa fakiri mmoja nguo zilizokuwa mwilini mwake.

Wareno waliikomesha neema hiyo. Vasco da Gama alitoza kodi kwa nguvu mwaka 1502, na dhahabu yake ikafuliwa chombo cha ibada kilichotimia mwaka 1506, ambacho hadi leo chatazamwa Lisbon na watu wengi wasiopata kuiona Kilwa. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka na kuupora mji, akajenga ngome, kisha mwaka 1512 wenzake wakaihama. Mwaka 1587 Wazimba, wapiganaji kutoka bara, waliwaua wakaazi wengi mno.

Mji ulipoinuka tena katika karne ya 18, uliinuka kwa biashara ya utumwa, na hili halifai kufichwa nyuma ya uzuri wa majengo: mwaka 1776 sultani alipatana na Mfaransa Morice kumpa watumwa 1,000 kila mwaka. Muda mfupi baadaye Waomani walikitwaa kisiwa, wakajenga juu ya masalio ya Kireno ngome iitwayo Gereza. Na katika miaka ya 1840 sultani wa mwisho alihamishiwa Maskati.

UNESCO iliyaandika magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikayatia katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004 kwa sababu mawimbi na mvua vilikuwa vikila kuta, na baada ya ukarabati ikayatoa mwaka 2014. Kisiwa hakikuhamwa. Wanakijiji huvua, hulima baina ya magofu na husali katika msikiti wao, karibu na misikiti ya mababu. Naye avukaye kutoka Masoko hupokewa kwanza na Gereza, lililosimama ukingoni mwa maji.