Tarikhi ya Viumbe Wasiovuta Hewa Katika Maji ya Kina

Kwa karne nyingi wanadamu waliamini ya kuwa uhai na hewa haviachani, na kwamba mahali pasipofika pumzi hapana kitu ila mauti. Itikadi hiyo ilianza kutikisika mwaka 1861, pale mwanachuoni wa Kifaransa Louis Pasteur alipokuwa akitazama kwa darubini vijidudu vya uchachu ndani ya tone la maji, akaona kuwa vile vilivyokuwa pembezoni, palipogusana na hewa, vimetulia tuli, ilhali vile vya katikati, visivyofikiwa na hewa, vinakwenda huku na huko kwa nguvu zao zote. Ikawa dhahiri kwamba wako viumbe ambao oksijeni, iliyo riziki yetu sisi, kwao ni sumu.

Miaka ishirini na kitu baadaye, mjini Bordeaux, Ulysse Gayon na Gabriel Dupetit wakathibitisha jambo jingine lenye uzito. Mwaka 1886 walitenga bakteria ambao, wakikosa oksijeni ya hewani, huichukua ile iliyofungamana na naitrojeni ndani ya chumvi iitwayo naitreti, na kwa kufanya hivyo huiachilia naitrojeni irudi angani, ambako ndiyo takriban asilimia 78 ya hewa yote. Lau si kazi ya viumbe hao, naitrojeni inayonaswa kutoka hewani na kutiwa udongoni ingezidi kulimbikizana ardhini na majini bila ya njia kubwa ya kurejea ilikotoka.

Hata hivyo, hapana aliyedhani kuwa mambo hayo yangeweza kutendeka mbali chini ya miamba, hadi mwaka 1926, Edson Bastin, mtaalamu wa miamba wa Chuo Kikuu cha Chicago, alipotaka kujua kwa nini maji yatokayo na mafuta visimani yana harufu ya mayai viza. Yeye na mwenziwe Frank Greer waliotesha kutokana na maji hayo bakteria wanaoishi pasipo hewa kwa salfeti, yaani chumvi yenye salfa, na ambao ndio watoao harufu hiyo. Wapinzani wakasema kuwa vijidudu hivyo viliingizwa na vyombo vya kuchimbia, na shaka hiyo, ambayo haikuwa ya bure, ikadumu kwa miongo mingi.

Ushahidi mzito ulitoka katika bara letu la Afrika. Katika migodi ya dhahabu ya Afrika ya Kusini, wachimbaji hutangulia kutoboa mwamba ulio mbele yao wasije wakaghafilishwa na maji, na mara nyingine hukuta nyufa zenye maji yaliyofungika tangu zama na zama. Hapo wanasayansi huyaacha kwanza maji yatiririke na kuusafisha mdomo wa tundu, kisha hufunga bomba na vichujio visivyo na uchafu, na kuyapitisha maelfu ya lita ili kupata kiasi kidogo tu cha vijidudu. Kwa njia hiyo, mwaka 2008, Dylan Chivian na wenzake walieleza habari za bakteria aliyepatikana katika mgodi wa Mponeng, kina cha kilomita 2.8, ambaye karibu peke yake ndiye aliyekuwa mkaazi wa ufa ule, na ambaye katika maumbile yake amekamilishiwa hata ala za kuinasa naitrojeni kwa ajili ya chakula chake.

Mwaka 2016, Maggie Lau na wenzake wakatoa habari za maji ya mgodi mwingine wa huko huko, wa Beatrix, zaidi ya kilomita moja chini ya ardhi. Walikuta kwamba walio wengi humo ni bakteria wanaotumia naitreti kuichoma salfa, na kwamba wachache wanaoishi kwa salfeti ndio wanaowatolea salfa hiyo, nao hurudishiwa salfeti. Pasipo jua wala hewa, jamii hiyo huishi kwa kuauniana.

Basi na tusidhani kuwa, kwa kuwapo watumishi hao wanaoiondoa naitreti majini, twaweza kutia lolote katika visima vyetu. Kazi yao yataka maji yasiyo na oksijeni na yenye chakula cha kutosha, na aghalabu visima vifupi vya mchanga na matumbawe havina sharti hizo mbili. Kwa hiyo naitreti ya vyoo na mbolea hubaki majini. Tangu mwaka 1945, alipoandika tabibu Hunter Comly wa Marekani juu ya watoto wachanga waliobadilika rangi kuwa buluu kwa maji ya visima, hatari ya naitreti imejulikana, na Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 50 kwa lita. Kila mwenye kisima na ayapeleke maji yake yakapimwe, na kila ajengaye choo na akiweke baidi na kisima, chake na cha jirani yake.