Mlango wa Pili wa Chuo Kikuu

Kila mwaka, matokeo ya mitihani ya mwisho ya shule za sekondari yanapotangazwa katika nchi za Afrika Mashariki, vijana hugawanyika makundi mawili. Wako waliofikia kiwango kinachotakiwa, na hao mlango wa chuo kikuu u wazi kwao. Wako pia waliopungukiwa na alama chache, au waliokatizwa masomo kwa kukosa karo kabla hata ya siku ya mtihani kufika. Hao huambiwa kwamba safari yao imekoma. Je, ni haki majaliwa ya mtu mwenye umri wa miaka kumi na minane yaamuliwe katika majuma mawili ya mtihani, kisha yasifikiriwe tena maisha yake yote?

Swali hili si geni. Nchi jirani za Kenya, Uganda na Tanzania zimekuwa zikilijibu kwa vitendo tangu kabla ya uhuru, kila moja kwa njia yake, na majibu hayo yana mafunzo kwa zote.

Yafaa kukumbuka kwanza kwamba mlango wenyewe haukuwekwa na wananchi. Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Mwaka 1949 ilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London, na tangu hapo aliyetaka kuingia alipimwa kwa kipimo cha London. Ili kukifikia kipimo hicho ilimpasa mtu apite darasa baada ya darasa, na kila hatua ilikuwa na chujio lake. Serikali ya kikoloni ilijenga shule chache za msingi, shule za sekondari chache zaidi, na kidato cha sita kikawa kama tundu la sindano.

Matokeo yake yalionekana wazi mwaka 1961. Tanganyika ilipokuwa inajiandaa kupandisha bendera yake, wanafunzi wote wa sekondari nchini walikuwa 11,832, na kati yao waliokuwa kidato cha sita ni 176 tu. Mwezi Oktoba mwaka huo chuo kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam, kilianza na wanafunzi 13, wote wa sheria. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba katika nchi ya mamilioni ya watu, wenye uwezo wa kusoma masomo ya juu walikuwa hao tu. Hesabu hiyo ilipima idadi ya madawati ambayo mkoloni aliamua kuyatengeneza.

Kwa hiyo wale walioachwa nje walianza kutafuta mlango wa pili. Mfano mmoja mashuhuri ni wa Tom Mboya wa Kenya. Mboya aliacha shule ya sekondari kwa sababu ya ukosefu wa karo, akajifunza kazi ya ukaguzi wa afya, akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi, na humo akawa kiongozi wa wafanyakazi. Kwa cheti alichokuwa nacho, Makerere isingemfungulia. Lakini mwaka 1955 alikwenda Uingereza kusoma kwa mwaka mmoja katika chuo cha Ruskin mjini Oxford, chuo kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi ambao hawakubahatika kusoma.

Mtu aliyepita mlango wa pili hakuwasahau waliobaki nje. Mwezi Septemba 1959, kwa juhudi za Mboya na marafiki zake wa Marekani, wanafunzi 81 walipanda ndege kwenda kusoma katika vyuo vya Marekani. Safari hizo ziliendelea hadi mwaka 1963, na karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki na nchi za jirani walifaidika. Baadhi yao walikuwa na cheti cha kidato cha nne tu. Wakuu wa kikoloni walibeza mpango huo, wakasema kwamba vyuo vya Marekani havina kiwango na kwamba vijana hao hawakustahili.

Historia imetoa hukumu yake. Miongoni mwa waliokwenda mwaka 1960 alikuwamo binti aliyetoka shule ya Loreto, Limuru, jina lake Wangari Muta. Alirudi na shahada mbili za elimu ya viumbe, na mwaka 1971 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati kufikia daraja hiyo. Mwaka 2004, akijulikana kwa jina la Wangari Maathai, alitunukiwa Nishani ya Nobeli ya Amani. Kwa kipimo cha wakoloni, msafara wake wote ulikuwa wa watu wasiostahili.

Hata hivyo, si kila mtu angeweza kupanda ndege. Mwalimu wa shule ya msingi, karani wa bohari na muuguzi wa zahanati walihitaji njia iliyo karibu na nyumbani. Makerere ilianzisha idara ya masomo ya nje ya chuo mwaka 1953, na matawi ya kazi hiyo yakaota mizizi Tanganyika na Kenya. Huko Kenya, mwaka 1967, kiliundwa kitengo cha masomo ya posta katika chuo cha elimu ya watu wazima kilichopo Kikuyu. Waliojiandikisha walipokea masomo kwa posta, wakasikiliza vipindi katika Sauti ya Kenya, na wengi wao walikuwa walimu wasio na vyeti kamili waliosoma usiku baada ya kufundisha mchana kutwa.

Katika jitihada hizo ndimo ulimokomaa utaratibu wa kuwapokea watu wazima vyuoni kwa mtihani maalumu. Kwa miaka mingi masharti ya Dar es Salaam yalikuwa haya: mwombaji awe ametimiza miaka 25, awe amemaliza kidato cha nne si chini ya miaka mitano iliyopita, na afaulu karatasi mbili, moja ya kupima uwezo wake wa kufikiri na nyingine ya somo analotaka kusomea. Makerere nayo ilikuwa na utaratibu wa namna hiyo hiyo. Mtu huyo hakupewa zawadi. Alipimwa, ila alipimwa akiwa mtu mzima, kwa yale aliyojifunza kazini na vitabuni, badala ya kuhukumiwa milele kwa yale aliyoshindwa alipokuwa mtoto.

Tanzania ilikwenda mbali zaidi. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha azimio ambalo, pamoja na kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, lilibadili kabisa njia ya kuingia chuo kikuu. Tangu hapo, kijana aliyemaliza kidato cha sita hakwenda tena chuoni moja kwa moja. Alitakiwa kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na ndipo aombe nafasi akiwa na mapendekezo ya mwajiri wake, ya wafanyakazi wenzake na ya tawi la chama.

Nia ya azimio hilo ilikuwa njema, wala haifai kubezwa. Chuo kikuu kilikuwa kinalea vijana waliotoka darasani kuingia darasani bila kuijua jasho ya mkulima anayewalipia. Waliokuja baada ya azimio walikuja na mikono iliyofanya kazi na maswali yaliyotoka kwenye maisha. Lakini nia njema haizuii kasoro. Muda si mrefu ilionekana kwamba idadi ya wanawake chuoni inapungua. Miaka mitatu ya kungoja ilikuwa ndiyo miaka ya kuolewa na kuzaa, na msichana aliyetoka kwenye mstari wa masomo hakurudi kwa urahisi. Mwaka 1976 ilibidi wanawake wasamehewe sharti la kufanya kazi kwanza. Katika masomo ya sayansi nako, hesabu isiyotumika kwa miaka miwili hufifia kichwani. Tena mapendekezo ya mwajiri yalimpa mkuu wa kazi mamlaka makubwa juu ya maisha ya mtu wa chini yake. Katika miaka ya 1980 kuingia moja kwa moja kukarudishwa.

Fundisho la Musoma ni kubwa. Mlango wa pili ulikuwa na manufaa ulipokuwa nyongeza. Ulipofanywa kuwa mlango wa pekee, uliwazuia wengine ambao mlango wa kwanza ungewapitisha. Haki ya mtu mzima aliyechelewa haidai kumchelewesha kijana aliyewahi.

Baadaye ukaja mlango wa aina nyingine, nao ni wa fedha. Makerere ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia mwaka 1992, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikafuata mwaka 1998. Ni kweli kwamba maelfu ya watu ambao serikali haikuwapa nafasi walisoma kwa njia hiyo, na vyuo vikapata fedha za kujiendesha. Lakini mlango unaofunguliwa kwa kitita cha fedha hauwezi kuitwa mlango wa walioachwa nje. Mtoto wa maskini aliyekosa alama anaweza kujaribu mtihani mwingine. Aliyekosa ada hana mtihani wa kurudia.

Jibu lililokaribia zaidi mahitaji ya wengi lilipatikana Tanzania, ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 Chuo Kikuu Huria, kikaanza kufundisha mwaka 1994. Uingereza ilikuwa imetangulia, ambako chuo cha aina hiyo kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971 bila kuwadai cheti chochote. Tanzania haikuondoa masharti kabisa. Iliweka kozi ya msingi, ili yule aliyepungukiwa na sifa ajiandae kwanza, apimwe, kisha aendelee na shahada, huku akibaki kazini kwake na kijijini kwake. Na ule mtihani wa zamani wa watu wazima umerithiwa na mfumo wa kutambua ujuzi, ambao humruhusu mwombaji kuonyesha kumbukumbu za kazi alizofanya pamoja na kufanya mtihani.

Wako wanaonung'unika kwamba njia hizi zinashusha kiwango cha elimu. Hofu hiyo isipuuzwe, kwa maana daktari na mhandisi wasiojua kazi yao ni hatari kwa maisha ya watu. Lakini lazima kutofautisha kiwango cha kuingia na kiwango cha kutoka. Chuo kinacholinda mitihani yake ya mwisho hakina sababu ya kumwogopa karani wa miaka thelathini anayebisha hodi. Kinachoshusha kiwango ni upendeleo, vyeti vya kughushi na kozi za kuuza shahada. Na hiyo si mlango wa pili, bali ni dirisha la wezi.

Basi historia ya nchi hizi jirani inafundisha mambo matatu. Mlango wa pili uwepo daima, maana wa kwanza haujawahi kuwatosha wote wenye uwezo. Uwe na maandalizi na kipimo cha haki, ili anayeupita aheshimiwe na wenzake. Na ada yake iwe ile ambayo mwalimu wa kijijini anaweza kuilipa bila kuuza shamba. Wahenga walisema kwamba kukawia ufike si kosa, na pia kwamba elimu haina mwisho. Lililobaki ni kwa serikali na vyuo kuhakikisha kwamba aliyekawia, atakapofika, hatakuta mlango umekomewa kwa ndani.