Upigaji picha wa vitu tuli

Upigaji picha wa vitu tuli ni tawi la upigaji picha linaloshughulika na vitu visivyojongea, kama vile matunda, maua, vyombo vya nyumbani, vitabu au zana za kazi. Kwa kawaida vitu hivyo hupangwa mezani na mpigapicha mwenyewe. Tofauti na picha za wanyama au mandhari, hapa mpigapicha huamua karibu kila jambo: kitu gani kiwemo, kikae wapi, na mwanga ukiangukie kutoka upande gani. Kwa sababu hiyo tawi hili hutumiwa sana kufundishia misingi ya mwanga na mpangilio. Mtu asiye na studio anaweza kufanya mazoezi nyumbani akiwa na meza, dirisha na simu yenye kamera.

## Historia

Kabla ya kamera kuvumbuliwa, wachoraji wa Ulaya, hasa wa Uholanzi katika karne ya 17, walichora meza zenye matunda, mikate na vyombo vya fedha. Wapigapicha wa kwanza walifuata desturi hiyo, tena kwa sababu ya kiufundi: kemikali za wakati ule zilihitaji kupata mwanga kwa muda mrefu, na kitu kisichojongea hakikuharibu picha.

Mwaka 1837 Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha ya sanamu za plasta na vitu vingine vilivyopangwa pamoja. Mwingereza William Henry Fox Talbot alitoa kitabu *The Pencil of Nature* kwa sehemu kati ya 1844 na 1846. Ndani yake aliweka picha ya vyombo vya kauri vikiwa rafuni, akaeleza kwamba picha kama hiyo ingeweza kuwa ushahidi mahakamani endapo vyombo vingeibwa. Mwaka 1860 Roger Fenton alipiga picha nyingi za matunda na maua.

Katika karne ya 20 Mmarekani Edward Weston alipata sifa kwa picha ya pilipili hoho moja, *Pepper No. 30* (1930). Aliiweka pilipili ndani ya faneli ya bati, ambayo iliurudisha mwanga kutoka pande zote na kuonyesha mikunjo yake. Josef Sudek wa Praha, aliyepoteza mkono wake wa kulia kutokana na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, alipiga picha za bilauri na mayai kwenye dirisha la studio yake.

## Mwanga

### Ukubwa wa chanzo

Chanzo cha mwanga kinachoonekana kidogo kutoka pale kitu kilipo hutoa vivuli vyeusi vyenye kingo kali. Chanzo kinachoonekana kikubwa hutoa vivuli laini vinavyofifia polepole. Jua ni kubwa mno, lakini kwa kuwa liko mbali huonekana dogo angani, na vivuli vyake ni vikali. Wingu likilifunika, anga lote huwa chanzo na vivuli hulainika.

Kanuni hiyo ndiyo msingi wa vifaa vingi vya studio, na inaweza kufuatwa bila kuvinunua. Pazia jepesi au shuka jeupe likitundikwa dirishani huugeuza mwali mkali kuwa mwanga laini. Flashi ya simu ni ndogo na iko karibu na lenzi, hivyo huacha kivuli kigumu nyuma ya kitu na doa jeupe mbele yake.

### Mwelekeo

Mwanga wa mbele huonyesha rangi vizuri, lakini hufanya kitu kionekane bapa. Mwanga wa ubavuni huonyesha umbo na hali ya uso, kama vile ukili wa mkeka, nyufa za chungu au maganda ya fenesi. Mwanga wa nyuma hufaa kwa vitu vinavyopitisha mwanga, kama juisi, majani na vipande vya chungwa.

Njia iliyozoeleka kwa wanaoanza ni kuzima taa zote za chumbani, kuweka meza kando ya dirisha moja, kisha kuweka karatasi nyeupe au kadibodi upande wa pili ili irudishe mwanga kwenye kivuli. Karatasi ikisogezwa karibu, kivuli hupungua. Ikiondolewa, kivuli hukolea. Karatasi nyeusi ikiwekwa mahali pale pale huongeza giza na kuchora ukingo wa kitu.

### Dirisha na jua la ikweta

Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani hushauri dirisha linaloelekea kaskazini. Ushauri huo unatokana na ukweli kwamba katika nchi hizo jua la mchana huwa upande wa kusini, hivyo dirisha la kaskazini hupata mwanga wa anga bila miali ya moja kwa moja.

Karibu na ikweta hali ni tofauti. Katika miji kama Nairobi na Dar es Salaam, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini katikati ya mwaka, na upande wa kusini mwezi wa Desemba na Januari. Hakuna dirisha moja linalofaa mwaka mzima. Kwa hiyo dirisha la kaskazini linafaa zaidi mwishoni mwa mwaka, na la kusini mwezi wa Juni na Julai. Dirisha la mashariki hutumika alasiri, na la magharibi asubuhi. Baraza yenye paa nayo hutoa mwanga laini, kwa kuwa paa huzuia jua la utosini na kuruhusu mwanga wa pembeni.

### Rangi ya mwanga

Mwanga wa mchana huwa na kiasi cha kelvini 5,500, na balbu za zamani za waya kiasi cha 2,700 hadi 3,000, ambao huonekana wa manjano. Vyanzo viwili vya rangi tofauti vikichanganywa, kamera haiwezi kuvisawazisha vyote pamoja: sahani nyeupe huwa ya buluu upande mmja na ya manjano upande mwingine. Dawa rahisi ni kutumia chanzo kimoja.

### Vitu vinavyong'aa

Chuma, glasi na vyombo vilivyopakwa rangi ya kung'aa hufanya kazi kama kioo: mwanga huakisiwa kwa pembe ileile uliyoingilia. Doa la mng'ao huondolewa kwa kuhamisha chanzo, kitu au kamera. Bilauri huonekana vizuri zaidi ikiwa nyuma yake pana mandharinyuma meupe yenye mwanga, kwani kingo zake huwa nyeusi; mbele ya mandharinyuma meusi, ikiangazwa kutoka pembeni, kingo huwa nyeupe.

## Mpangilio

Mpangilio mzuri huanza na kitu kimoja kikuu. Vingine huongezwa kimoja kimoja, na kinachoshindania macho ya mtazamaji huondolewa. Idadi witiri, kama vitu vitatu au vitano, mara nyingi hupendeza kwa sababu haigawanyiki katika jozi. Vitu vyenye urefu tofauti huunda umbo la pembetatu. Vitu viwili ama vifunikane kidogo ama viachane wazi. Vikigusana ukingoni tu, huonekana kama vimeunganishwa.

*Kanuni ya theluthi* hugawa picha kwa mistari miwili ya wima na miwili ya mlalo, na kitu kikuu huwekwa karibu na makutano yake. Mwingereza John Thomas Smith aliiandika mwaka 1797 akizungumzia uchoraji wa mandhari. Ni mwongozo tu, kwani kitu chenye umbo la duara kinaweza kukaa katikati bila kasoro.

Kimo cha kamera hutegemea kitu. Chupa na birika hupigwa kwa usawa wa meza, sahani ya chakula kutoka juu, na bakuli katikati ya hapo. Lenzi pana ya simu hupotosha umbo la kitu kilicho karibu mno, hivyo ni afadhali kurudi nyuma kidogo na kukuza.

## Matumizi

Picha za vitu tuli hutumika katika matangazo, vitabu vya mapishi, orodha za makumbusho na uuzaji wa bidhaa mtandaoni. Hapo ubora wa mwanga huwa pia suala la uaminifu. Kanga iliyopigwa chini ya taa ya manjano hufika kwa mnunuzi ikiwa na rangi nyingine, na chungu kilichoangazwa kutoka mbele huficha ufa ambao mwanga wa ubavuni ungeuonyesha.

## Tazama pia

- Kamera
- Lenzi
- Mwanga
- Uchoraji