Kongamano huria la usanifu: Mkazi wa Junda ajiandae vipi?

HUDUMA nyingi ambazo wakazi wa Mombasa walizoea kuzifuata madirishani, kwa foleni na karatasi, sasa zimehamia kwenye skrini ya simu. Mkazi wa Junda, mojawapo ya wadi saba za eneobunge la Kisauni, hulipa karo, hununua stima, huomba vyeti na kutuma pesa kwa kubonyeza vitufe vilivyopangwa na watu wasiomjua.

Wanaovipanga vitufe hivyo huitwa wasanifu wa tajriba ya mtumiaji. Ndio huamua ni neno lipi litangulie, ni hatua ngapi zipitiwe na ni onyo gani litolewe kabla ya kosa kutendeka. Wao wakikosea, anayelipa ni mtumiaji: pesa humfikia asiyehusika, ombi hukwama katikati, au mtu hulazimika kumlipa kijana wa saiba amjazie fomu.

Mojawapo ya milango michache inayomwezesha mtumiaji wa kawaida kukaa meza moja na wasanifu hao ni kongamano huria. Hata hivyo, kongamano la aina hii lina desturi zake, na asiyejiandaa huenda akarudi nyumbani mikono mitupu. Makala haya yanaeleza asili yake, utaratibu wake na maandalizi yanayomfaa mkazi wa Junda au mtaa mwingine wowote wa bara ya Mombasa.

Kongamano huria ni nini?

Ni mkutano usiokuwa na ratiba iliyoandaliwa mapema, mgeni wa heshima wala orodha ya wasemaji. Asubuhi washiriki hukusanyika mbele ya ubao uliochorwa miraba ya saa na vyumba. Mwenye jambo huliandika kwenye karatasi, hulitangaza kwa sentensi moja au mbili, kisha huibandika karatasi hiyo katika mraba ulio wazi. Ubao ukijaa, ratiba ya siku huwa imekamilika.

Utaratibu huu unahusishwa na Mmarekani Harrison Owen. Baada ya kubaini kwamba washiriki wa mikutano yake walisifu zaidi mapumziko ya kahawa kuliko hotuba, aliandaa mkutano bila ajenda huko Monterey, California, mnamo 1985. Owen alieleza pia kwamba alikuwa amejifunza mengi katika kijiji cha Balamah, Liberia, alikoshuhudia sherehe kubwa zikiendeshwa bila kamati ya maandalizi.

Kanuni aliyoiasisi na ambayo ingali inafuatwa ni ile ya miguu miwili: mshiriki asiyejifunza kitu wala kuchangia chochote katika kikao ana ruhusa ya kuondoka kwa heshima na kuingia kingine. Kwa Mswahili aliyekulia kando ya baraza, jambo hili si geni. Mwenye neno hulileta, anayevutiwa husogea, na asiyevutiwa huaga akaenda zake.

Wataalamu wa kompyuta waliuchukua mtindo huo kwa jina la BarCamp. Mkutano wa kwanza ulifanyika Palo Alto, California, Agosti 2005, baada ya matayarisho ya chini ya wiki moja. Ulikuwa jibu kwa kongamano la kampuni ya vitabu ya O'Reilly, ambalo mtu hakuweza kulihudhuria pasipo mwaliko. Kuanzia 2009 wasanifu wa tajriba ya mtumiaji walikuwa na kongamano lao la namna hiyo mjini Berlin, Ujerumani.

Hapa Kenya, BarCamp ilifanyika Nairobi Juni 2008, miezi michache baada ya jukwaa la Ushahidi kubuniwa wakati wa ghasia zilizofuatia uchaguzi. Kituo cha iHub kilifunguliwa jijini humo Machi 2010. Mombasa nayo ilipata Swahilipot Hub mnamo 2016, karibu na Fort Jesus, na vijana wa teknolojia na wa sanaa wakawa na mahali pa kukutania.

Kwa nini mtumiaji ahudhurie?

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msanifu anayefanyia kazi chumba chenye kiyoyozi, kwa simu mpya na intaneti isiyokatika, hawezi kujua taabu ya anayetumia simu yenye kioo kilichopasuka, juani, huku salio la bando likikaribia kwisha.

Historia ya M-Pesa inathibitisha thamani ya kumtazama mtumiaji. Majaribio yaliyoanza Oktoba 2005 yalilenga kuwasaidia wakopaji wa shirika la Faulu kulipa mikopo midogo midogo. Waliokuwa wakijaribiwa wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Waanzilishi waliliona hilo, wakabadili mkondo, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilijengwa juu ya kazi moja kuu, yaani kutuma pesa nyumbani.

Hata baada ya hapo, makosa ya nambari yaliendelea kuwasumbua wateja. Ilikuwa rahisi kumlaumu aliyebonyeza vibaya. Lakini Safaricom ilipoongeza hatua iitwayo Hakikisha, inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla muamala haujakamilika, ilidhihirika kwamba sehemu ya tatizo ilikuwa katika mpangilio wenyewe. Kosa linalorudiwa na watu wengi mahali pamoja aghalabu ni kosa la usanifu.

Maandalizi ya wiki mbili

Jambo la kwanza ni kuchagua tatizo moja tu. Mshiriki anayesimama mbele ya ubao na kusema "programu za simu ni ngumu" hatapata wa kumfuata. Tatizo litajwe pamoja na mwenyewe, kazi anayoifanya na mahali anapokwama. Mathalani: "Mchuuzi wa samaki aliye juani, mikono ikiwa na magamba, hawezi kutofautisha ujumbe wa malipo wa kweli na wa tapeli kabla mteja hajaondoka." Sentensi kama hiyo inatosha kuendesha kikao cha saa nzima.

Pili, tatizo hilo lishuhudiwe kwa macho. Mnamo 2000 mtaalamu Jakob Nielsen alitoa hoja kwamba kuwatazama watumiaji watano wakifanya kazi moja hufichua takriban asilimia 85 ya kasoro za usanifu. Hoja hiyo ina mpaka wake: watano hao wawe wanaofanana kwa kiasi fulani. Wavuvi wa mkono wa bahari wa Tudor na wanafunzi wa kidato cha nne ni makundi mawili, na kila kundi latazamwa peke yake.

Anayetazama hapaswi kufundisha. Ampe mwenzake kazi, kwa mfano kuangalia salio au kujaza fomu, kisha anyamaze. Aandike mahali kidole kiliposita, neno lililosomwa mara mbili, na swali lililoulizwa. Kumwuliza mtu kama huduma anaipenda hakusaidii sana, kwa kuwa wengi hujibu kwa adabu kwamba ni nzuri.

Tatu, idhini itafutwe kabla ya yote. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatambua haki ya kila mtu juu ya taarifa zake binafsi. Anayetazamwa aelezwe sababu, aambiwe kuwa anaweza kukataa au kuacha wakati wowote, na jina lake lisiandikwe. Picha za skrini zinazoonyesha salio, nambari ya kitambulisho au nambari ya simu zisipigwe kamwe. Kwa wazee, ni vyema ruhusa iombwe kwa utaratibu wa mtaa, na pasiwe na haraka.

Nne, mapendekezo yachorwe kwenye karatasi. Mistatili michache inayowakilisha skrini za simu, iliyochorwa kwa kalamu, hueleweka upesi kuliko maelezo marefu. Faida nyingine ni kwamba watu hawaoni haya kukosoa mchoro wa penseli, ilhali kazi iliyonakshiwa kwa kompyuta huwatia kigugumizi. Hakuna ulazima wa kumiliki kipakatalishi.

Suala la lugha

Wengi hubaki nyumbani kwa kudhani kwamba mikutano ya aina hii ni ya wajuao Kiingereza. Katika kongamano huria, anayeitisha kikao ndiye huchagua lugha yake, na kikao cha Kiswahili kina nafasi sawa ubaoni.

Isitoshe, lugha yenyewe ni sehemu ya usanifu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili mnamo 2004, na hapo ndipo mjadala wa istilahi ulipopamba moto. Je, mtumiaji aandikiwe "kabrasha" au "folda"? Jibu hupatikana kwa kumtazama msomaji mwenyewe. Mkazi wa Junda aliyeandika maneno matano yaliyowatatiza jirani zake huwa amebeba mzigo ambao wasanifu wengi hawana pa kuupata.

Siku yenyewe

Katika kongamano la kawaida, anayechelewa hukosa hotuba ya ufunguzi. Katika kongamano huria, hukosa ajenda, kwa maana miraba ya ubao hujazwa katika saa ya kwanza. Anayetoka Junda kuelekea kisiwani hana budi kuhesabu msongamano wa asubuhi barabarani na kwenye daraja la Nyali, lililofunguliwa 1980. Wa Likoni ahesabu foleni ya feri. Ni heri kufika nusu saa kabla.

Mshiriki amwulize mwandalizi mapema kuhusu ada ya kiingilio, chakula, nafasi ya kusali na iwapo mzazi anaweza kuja na mtoto. Abebe daftari, kalamu ya wino mzito, waya wa kuchajia simu na bando lake mwenyewe.

Desturi ya BarCamp humhimiza mgeni wa mara ya kwanza aongoze kikao. Asiogope. Kuongoza si kuhutubu. Yatosha kulieleza tatizo kwa dakika tano, kuonyesha mchoro, kuuliza swali moja, kisha kuwaachia wengine. Watu watatu waliobaki hadi mwisho ni bora kuliko thelathini walioketi kwa kuona haya kutoka.

Ipo tahadhari moja. Yanayosemwa huko huandikwa, hupigwa picha na kusambazwa. Mwenye wazo analokusudia kulifanyia biashara aamue kabla ya kuondoka nyumbani ni sehemu ipi ataitaja na ipi ataihifadhi. Vilevile, akitakiwa kuendelea kuisaidia kampuni au shirika kwa kuwatafutia watu wa kuwahoji mtaani, ana haki ya kuuliza kazi hiyo italipwa vipi, na waliohojiwa watafaidika na nini.

Baada ya kurudi

Maandalizi hayakamiliki bila mpango wa kurejea. Kabla ya kuachana, wanakikao wakubaliane nani atafanya nini na kwa tarehe gani, la sivyo mazungumzo yote huyeyuka jioni hiyo hiyo. Mshiriki achukue anwani za wawili au watatu walioonyesha nia ya kweli.

Kisha awarudie wale watano aliowatazama. Awaeleze kilichosemwa, awaonyeshe mchoro uliorekebishwa, na awape kazi ile ile waijaribu upya. Wakikwama pale pale, tatizo bado lipo. Wakipita, kuna jambo la kupeleka kwa mwenye huduma, likiwa na ushahidi.

Huduma zitaendelea kuhamia simuni, atake asitake mkazi wa Junda. Kinachoweza kubadilika ni nani anayekuwapo zinapopangwa. Mchuuzi wa samaki hana muda wa kushinda mkutanoni siku nzima. Anayekwenda kwa niaba yake hana budi kwenda na tatizo lake, likiwa limeandikwa kwa sentensi moja iliyo wazi.