Rushwa ya Ngono Vyuoni na Wanafunzi wa Nachingwea na Ruangwa

Rushwa ya ngono vyuoni ni kitendo cha mhadhiri au msimamizi wa utafiti kumtaka mwanafunzi kimapenzi kwa kutumia mamlaka aliyo nayo juu ya alama au tasnifu yake. Vijana wa Nachingwea na Ruangwa, wilaya za Mkoa wa Lindi, wanaotafuta shahada huhamia Mtwara, Dar es Salaam au Dodoma, ambako wengi huishi mbali na wazazi kwa mkopo wa serikali au fedha za korosho na ufuta. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo, kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, ni kupoteza masomo na mkopo kwa pamoja. Kwa hiyo ombi la mwenye kalamu ya kusahihisha haliwezi kuhesabiwa kuwa la hiari, hata likitamkwa kwa upole.

Mjadala ulipamba moto Novemba 2018, pale Dkt. Vicensia Shule, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipoandika kwenye Twitter kwamba rushwa hiyo imekithiri chuoni hapo. Baadaye TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ilifanya utafiti chuoni hapo na katika Chuo Kikuu cha Dodoma.

Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamtia hatiani mwenye mamlaka anayeifanya ngono kuwa sharti la kutoa ajira, haki au upendeleo. Pasipo sharti, kama vile katika matamshi machafu au kushikwashikwa, kosa huwa ni udhalilishaji wa kijinsia chini ya Kanuni ya Adhabu, nalo hupelekwa polisi.

Kinga ya kweli huanzia kwenye mfumo wa alama, si kwenye mavazi ya wasichana, ambayo hulaumiwa upesi mno. Namba badala ya majina kwenye karatasi za mtihani, pamoja na mtahini wa pili, hupunguza nguvu ya mtu mmoja. Lakini kazi za darasani na tasnifu hubaki mikononi mwa anayemfahamu mwanafunzi, na hapo ndipo haki ya kubadilishiwa msimamizi bila kuhojiwa inapohitajika zaidi. Dawati la jinsia, ofisi ya chuo inayopokea malalamiko hayo, huaminika kwa shida likiendeshwa na wenzake mtuhumiwa, ilhali mwanafunzi aliye likizo nyumbani anaweza kufikisha taarifa, pamoja na ujumbe wa simu aliouhifadhi, katika ofisi ya TAKUKURU ya wilaya yake, au kupiga namba 113 bila malipo.