Kambi Chini ya Barafu

Jioni ya Agosti 30, 1965, katika jimbo la Valais, Uswisi, ncha ya mto wa barafu wa Allalin ilikatika mlimani. Chini yake palikuwa na kambi ya wajenzi wa bwawa la umeme la Mattmark. Barafu na mawe, takriban mita za ujazo milioni 2, viliwafunika watu 88. Kati yao 56 walikuwa Waitaliano waliofuata riziki ugenini.

Barafu ile haikujificha. Ilining'inia juu ya vibanda vyao mchana kweupe. Hata hivyo, mwaka 1972 washtakiwa wote 17 waliachiwa huru, na familia zilizokata rufaa zikaamriwa kulipa nusu ya gharama.

Mei 2025, katika jimbo hilo hilo, wataalamu waliona mlima ulio juu ya kijiji cha Blatten ukisogea. Watu wapatao 300 wakahamishwa. Siku tisa baadaye kijiji kikazikwa. Aliyekufa ni mtu mmoja.

Mlima hauzuiliki, lakini hupimika. Swali ni hili: mbona wanakijiji walipimiwa, na vibarua hawakupimiwa?