Tingatinga na muji wa Dar es Salaam

Bandugu, muji wa bahari unaweza kuujua kwa kusoma habari za bandari na magavana. Unaweza pia kumufuata mutu mumoja mudogo, uone milango gani ilimufungukia. Leo tumufuate Edward Saidi Tingatinga.

Alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini ya Tanzania. Miaka ya 1950 alitafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga, kisha akafika Dar es Salaam. Muji ule wakoloni walikuwa wameukata vipande vitatu: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Upepo muzuri wa bahari, kule Oyster Bay, ulikuwa wa wazungu. Mwafrika aliingia kule kama boyi wa nyumba ao wa bustani. Tingatinga naye alipitia mulango huo: alimufanyia kazi ofisa Mwingereza.

Uhuru ulikuja 1961, bendera ikabadilika, lakini wageni wenye makuta walibaki kule kule. Karibu na mwaka 1968, bila kupita shule yoyote ya sanaa, alianza kupaka picha. Alikata ubao wa dari, mraba wa sentimita kama 60, akatumia rangi ya baiskeli, yaani ya kinga. Alipaka tembo, chui, ndege. Picha ziliuzishwa Morogoro Stores, Oyster Bay.

Sasa angalia: mutu anaishi kando ya bahari, anapaka sana wanyama wa pori. Juu ya nini? Mnunuzi alikuwa mgeni, na mgeni alitaka Afrika ya wanyama ya kupeleka kwao. Ubao ule unatuonyesha nani katika muji alikuwa na franga, na nani alimungojea.

Na sisi Wakongo tumo ndani. Miaka ile ya 1960 picha za wachoraji wa Kongo ziliuzishwa Dar, na wengi wanaosimulia maisha yake wanasema zilimufungua macho.

Mwaka 1972 polisi walimupiga risasi, wakimuzania mwizi. Alikuwa amepaka miaka kama mine tu. Jamaa aliowafundisha waliendelea, na 1990 wakaunda ushirika wao. Leo Tingatinga ni jina la mtindo muzima. Wengi wanaonunua hawajui kama lilikuwa jina la mutu.

Kwetu Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu naye alijifunza mwenyewe, akapaka historia ya inchi yetu miaka ya 1970. Mwisho wake haujulikani mpaka leo.

Bandugu wasomi, katika muji wenu nani anapaka kando ya barabara? Na nani ameandika jina lake?